Kipandikizi cha jino: nini cha kutarajia tangu vipimo hadi jino jipya

Wengi wanaokuja kuulizia kipandikizi cha jino hutaka kujua kwanza kama kinauma. Wachache huuliza kitachukua muda gani, na hapo ndipo wanapokata tamaa baadaye. Tangu kipandikizi kiwekwe hadi uanze kutafunia jino jipya, kwa kawaida hupita miezi mitatu hadi sita. Ikilazimu kuongeza mfupa kwanza, matibabu yote yanaweza kuzidi mwaka. Ni vyema ulijue hilo kabla hujaanza.

Kipandikizi ni skrubu ndogo, mara nyingi ya titani, inayowekwa ndani ya mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Juu yake hufungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi huvikwa krauni, yaani lile jino linaloonekana. Titani ina sifa ambayo metali nyingi hazina: mfupa hukua hadi ukashikamana nayo moja kwa moja. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliligundua hilo miaka ya 1950 akichunguza mifupa ya sungura, pale vifaa vya titani alivyokuwa amevipachika vilipokataa kutoka. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya meno.

Kabla ya lolote, daktari atapima mfupa wako. Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa ukilishika huanza kusinyaa, na husinyaa zaidi katika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana aliyekaa na pengo kwa miaka mingi huenda akahitaji kuongezewa mfupa. Picha ya eksirei, hasa ile inayoonyesha taya kwa pande zote, humwonyesha daktari unene wa mfupa, mahali unapopita mshipa wa fahamu katika taya la chini, na umbali uliobaki hadi kwenye uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu.

Hapa usifiche chochote. Sema kama una kisukari, kama unavuta sigara, kama umewahi kutibiwa kwa mionzi kichwani au shingoni, na kama unatumia dawa za kuimarisha mifupa au za kuzuia damu kuganda. Dawa hizo usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe; madaktari wako washauriane. Kisukari kilichodhibitiwa vizuri hakikuzuii kupata kipandikizi. Sigara ni tatizo kubwa kuliko wagonjwa wanavyodhani, kwa kuwa hupunguza damu inayofika kwenye fizi na mfupa. Na kijana ambaye taya lake bado linakua hana budi kusubiri.

Siku yenyewe, mara nyingi hutosha ganzi ya sehemu ile tu. Utakuwa macho. Daktari atapasua fizi kidogo, kisha atatoboa mfupa hatua kwa hatua, akianza na kekee nyembamba na kuongeza unene taratibu. Utasikia mtetemo, mgandamizo na maji mengi mdomoni. Maji hayo yana kazi kubwa: yanaupoza mfupa, maana mfupa ukipata joto kali wakati wa kutobolewa hufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Ukisikia maumivu makali, inua mkono uongezewe ganzi.

Ganzi ikiisha, maumivu huwa ya wastani, na dawa za kawaida hutosha. Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu, usisukutue kwa nguvu, usivute kinywaji kwa mrija, na kula vyakula laini. Rudi haraka kwa daktari ukiona damu isiyokoma, homa, usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au ukihisi mdomo bado umekufa ganzi siku inayofuata.

Kisha unasubiri. Taya la chini kwa kawaida huwa tayari mapema kuliko la juu, kwa sababu mfupa wake ni mgumu zaidi. Wapo wanaopewa jino la muda siku ileile, na kwa baadhi ya wagonjwa inafaa, mradi kipandikizi kimeshika imara. Lakini ahadi ya jino la siku moja isiwe sababu yako ya kuchagua daktari. Kipandikizi kinachocheza kabla mfupa haujakishika mara nyingi hupotea.

Vipandikizi vingi, zaidi ya asilimia 90, huwa bado vinafanya kazi baada ya miaka kumi. Vinavyoharibika baadaye huharibiwa mara nyingi na uambukizo unaokula mfupa unaovizunguka, nao huanza bila maumivu. Dalili ya mapema ni fizi kutoka damu unapopiga mswaki, kwa hiyo usiidharau. Piga mswaki mara mbili kwa siku, safisha pembeni mwa krauni kwa uzi au vibrashi vidogo vya katikati ya meno, na uhudhurie uchunguzi kadiri daktari atakavyokupangia. Kabla hujaondoka, omba pia uandikiwe aina na ukubwa wa kipandikizi chako. Vifaa vya kampuni moja mara nyingi haviingiliani na vya nyingine, na skrubu inayofunga kiunganishi ikilegea miaka kadhaa baadaye, daktari mwingine atahitaji taarifa hizo ili aikaze.