Homa baada ya upasuaji wa utumbo: usikimbilie duka la dawa

Hapa magharibi mwa Uganda, utumbo kutoboka au kujisokota si habari ngeni. Homa ya matumbo iliyolipuka Kasese mwaka 2008 na 2009 iliwatoboa wengi utumbo. Kisu watu wamekizoea. Yanayofuata ndiyo yanayopotoshwa.

Dhana: Homa baada ya upasuaji ni malaria tu.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mgonjwa ana siku tano au sita tangu apasuliwe, mwili unachemka, ndugu anakwenda kununua vidonge vya malaria. Malaria ipo, na ipimwe. Lakini siku hizohizo, hasa ya tano hadi ya saba, ndipo mshono wa utumbo unaweza kuachia, kinyesi kikavuja ndani ya tumbo. Angalia moyo kwenda mbio, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika, au maji machafu kidondani. Mzee anaweza asipate homa kabisa, akaanza tu kuchanganyikiwa. Mrudishe hospitali usiku huohuo. Njiani asile chochote, maana huenda akafunguliwa tena.

Dhana: Asiinuke, nyuzi zitakatika.
Kulala tu ndiko kunakogandisha damu miguuni na kujaza makohozi kifuani. Wengi hutakiwa kuanza kutembea siku inayofuata, wakiwa wamepewa dawa ya maumivu. Akikohoa, akumbatie mto tumboni.

Dhana: Unga wa kapsuli ukinyunyizwa kidondani hukausha usaha.
Hapana. Usaha uliofungiwa ndani hutolewa na mhudumu kwa kufungua nyuzi chache na kusafisha.

Dhana: Mwenye mfuko wa kinyesi akiharisha, anywe maji mengi.
Kama stoma, yaani tundu la tumboni linalotoa kinyesi mfukoni, imetoka kwenye utumbo mwembamba, maji matupu yakizidi humwongezea kupoteza chumvi. Anahitaji ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mfuko ukiendelea kujaa kupita kawaida, arudi kwa daktari. Na ndugu wasimwambie amekwisha: stoma nyingi hurudishwa ndani baada ya miezi kadhaa.

Dhana: Mwaka umepita, amepona moja kwa moja.
Makovu ya ndani yanaweza kuubana utumbo hata miaka kumi baadaye. Akitapika nyongo, tumbo likajaa, choo na hewa vikagoma kutoka, msimpe dawa ya minyoo. Tafuteni gari.