Miaka tisa darasani haikupi namba ya TSC

Jumatatu nilikuwa kwenye feri ya Likoni, kijana mmoja akanisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu." Anafundisha shule ya kibinafsi upande wa Mtongwe, bila namba ya TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu Kenya. Tulipoingia kwenye mazungumzo, akaniambia maneno ninayoyasikia kila muhula, Kisauni hadi Changamwe: "Mimi nina miaka tisa darasani. TSC si watanisajili tu kwa uzoefu?"

Hawatakusajili, mwanangu. Hakuna sheria nchini Kenya inayogeuza uzoefu kuwa usajili. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inamtaka kila anayefundisha awe amesajiliwa, na ili usajiliwe lazima uwe umehitimu ualimu katika chuo kinachotambuliwa. Barua ya mwalimu mkuu inayosema wewe ni hodari itakusaidia kutafuta kazi kwingine, basi. Wengine wamesikia kwamba siku hizi fundi aliyejifunzia kazini, awe makanika au mshonaji, anaweza kupimwa ujuzi wake akapewa cheti. Ni mpango mzuri, lakini haukuandikiwa TSC.

Yaliyo chini ya dhana hiyo ndiyo yananiumiza zaidi. Watu wanaamini kwamba mafunzo ni karatasi tu, kwamba aliyekwisha simama mbele ya watoto hana jipya la kufunzwa, na TP, yaani mazoezi ya kufundisha, ni kuwasumbua wakubwa. Mimi ni mkufunzi wa walimu wanaosoma huku wakifanya kazi, na nimekaa nyuma ya madarasa mengi. Wenye miaka mingi ndio mara nyingi huanguka tathmini ya kwanza. Anaingia bila andalio la somo kwa sababu "liko kichwani." Kipindi ni dakika 40, yeye anazungumza 35. Anauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" naye anafuta ubao.

Kipindi kimoja cha gredi ya saba kilikuwa cha kujumlisha sehemu. Nilipopita kwenye viti vya nyuma nikakuta daftari tatu zimeandikwa 1/2 + 1/3 = 2/5, zote zimetiwa kosa kwa wino mwekundu na jibu sahihi likaandikwa pembeni. Mwalimu hakuuliza mtoto amefikaje hapo. Mtoto amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Hiyo ni fikra, na ina dawa yake. Mwulize: ulianza na nusu, ukaongeza kitu, imekuwaje ukaishia na pungufu ya nusu? Kisha chora mkate wa sinia, ukate vipande sita. Nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano: 5/6. Dakika tatu tu. Lakini mwalimu yule alikuwa akitia wino mwekundu miaka na miaka, na hakuna mtu aliyewahi kukaa nyuma yake akamwonyesha. Kazi ya TP ndiyo hiyo. Kwa hivyo msiniombe niwasamehe TP kwa kuwa "tayari ni walimu." Hata chuo kikikuruhusu kuifanyia katika shule yako, tutakuja kukutathmini, na maazimio ya kazi tutayataka mezani.

Wanafunzi wangu wote nawaagiza waweke kadaftari kadogo ka majibu ya makosa. Mada ulizomaliza ziko kwenye rekodi ya kazi, hazihitaji daftari la pili. Andika mtoto alikosea vipi, na unadhani aliwaza nini. Muhula mmoja utakutosha kuona tofauti.

Kuna wanaosema kusoma wakati wa likizo ni njia ya mkato. Kwa anayesoma Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa, huku wenzake wako Nyali ufuoni, hakuna kilichokatwa. Yuniti ni zilezile, mitihani ni ileile, na aghalabu miaka ndiyo huongezeka.

"Nina digrii, nitafanya PGDE tu," yaani stashahada ya ualimu kwa wenye digrii nyingine. Polepole. TSC hurudi kutazama KCSE yako, mtihani wa kidato cha nne: wastani wa C+, na C+ katika masomo mawili utakayofundisha, na digrii yenyewe iwe na yuniti za kutosha za masomo hayo. Nimewaona watu wamelipa karo ya mwaka mzima wakakwama kwa Kemia ya kidato cha nne. Toa cheti cha KCSE kabatini kabla hujatoa pesa.

P1, kile cheti cha zamani cha ualimu wa shule za msingi? Kwa wanafunzi wapya haipo tena. Shanzu na vyuo vingine vya ualimu wa msingi sasa vinafundisha diploma ya miaka 3.

Na namba ya TSC si ajira. Kusajiliwa ni kitu kimoja, kuajiriwa ni kingine, na hata uanagenzi wa TSC unaitaka namba hiyo kwanza. Shule ya kibinafsi nayo haimwondolei mtu wajibu wa kusajiliwa.

Yule kijana nilimwuliza alipata nini KCSE. C+, akasema kwa sauti ya chini, Hisabati B-, Fizikia C+. Miaka tisa alikuwa na sifa za kujiunga na shahada ya ualimu ya likizo, na hakuna aliyemwambia. Tulipotia nanga Likoni alikuwa ameandika kwenye simu yake: cheti cha KCSE, kitambulisho, picha mbili. Nimemwambia aje Jumamosi, kabla ya saa nne.