Je, wajua kwa nini ua la bluberi ya porini hutaka kutetemeshwa?

Katika jimbo la Maine nchini Marekani, na katika maeneo ya mashariki mwa Kanada, huota bluberi ya porini ambayo haikupandwa na mtu, kichaka kifupi chenye matunda madogo ya buluu, ambacho aghalabu hakifiki magotini na hupenda udongo wenye tindikali. Maua yake meupe huanza kuchanua mwezi Mei, nayo yana umbo la kengele na huning'inia mdomo ukielekea chini. Ndani yake chavua haikai wazi, bali imehifadhiwa katika vifuko vyembamba vyenye tundu dogo nchani, hivyo upepo hauwezi kuipeperusha.

Anayeweza kuitoa ni nyuki bambi, yule mnene mwenye manyoya mazito. Hulikumbatia ua kwa miguu, akaning'inia chini yake, kisha akatetemesha misuli ya kifua inayoendesha mabawa, ilhali mabawa yenyewe yametulia. Aliye karibu husikia mvumo mkali wa ghafla, na papo hapo chavua humwagika kupitia matundu yale na kumwangukia nyuki mwilini, kama chumvi itokayo kwenye kichupa cha mezani. Biringanya za kwetu zina vifuko vya namna hiyo, nazo hutetemeshwa na nyuki wakubwa watoboao mbao. Nyuki wa asali hana uwezo huo. Hugusagusa tu akitafuta mbochi, yaani maji matamu ya ua, ndiyo maana wakulima wa Maine hukodi mizinga mingi ili wingi wake ufidie upungufu huo.

Hata hivyo, kutoa chavua hakutoshi. Kichaka hiki huenea kwa mashina yanayotambaa chini ya ardhi, na eneo pana linaloonekana kuwa na vichaka tele huenda likawa mmea mmoja tu. Kwa kuwa mmea huo kwa kawaida hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe, sharti nyuki avuke hadi kwa mmea mwingine. Hapa ndipo ninapomthamini zaidi nyuki bambi, kwani huruka hata siku za baridi na mawingu, wakati nyuki wa asali amejifungia mzingani.

Mashina hayohayo hukiwezesha kichaka kuchipua upya baada ya moto, jambo ambalo wenyeji wa asili wa Maine, wakiwemo Wapassamaquoddy, walilifahamu zamani, wakawa wakichoma nyanda zake makusudi. Wakulima wa leo nao huchoma au kufyeka kila baada ya mavuno: mwaka wa kwanza mmea hutoa machipukizi, wa pili huchanua na kuzaa. Katika mwaka ule usio na maua, nyuki wa porini hutegemea mimea mingine ichanuayo kandokando ya shamba, na mkulima makini huiacha isimame.