Baiskeli ya kwanza ya milimani: usinunue springi

Mtu anayetaka kuanza kuendesha Karura au Ngong Hills kwa pesa kidogo huuliza kwanza: ina shokamzoba mbele na nyuma? Swali hilo limewapotezea wengi pesa Nairobi. Inaniuma, kwa sababu anayenunua vibaya huona mchezo wenyewe ni mgumu na kuuacha, kumbe ni baiskeli iliyomshinda.

Dhana: bila shokamzoba mbili si baiskeli ya milimani

Mchezo huu ulianza bila shokamzoba. Miaka ya 1970, vijana wa kaunti ya Marin huko California waliteremka milima ya kwao kwa baiskeli nzito za Schwinn za miaka mingi nyuma, zenye breki ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Breki zilichemka hadi grisi ikatoka moshi, wakafungua habu na kuipaka nyingine. Kilichowabeba ni fremu imara na tairi nene.

Shokamzoba ya kweli ina springi au hewa ya kubonyea, na mafuta ya kuizuia isirudi kwa fujo. Zilizofungwa kwenye baiskeli za bei ya chini mara nyingi ni springi tupu. Ukikanyaga kupanda mlima, nguvu zako zinaishia kuibonyeza. Ukigonga mzizi, inakurusha. Ile ya nyuma inaongeza kilo na maungio ya kulegea. Ukiwa dukani, kandamiza usukani kwa uzito wako kisha uachie ghafla. Usukani ukiruka juu mara moja, hakuna mafuta yanayofanya kazi humo.

Kwa bajeti ndogo chukua fremu isiyo na springi nyuma, na usiogope foko ngumu mbele, yaani uma wa gurudumu usio na springi. Tairi za inchi 2.1 kwenda juu, zisizojazwa hewa zikawa kama mawe, zinatosha kwa njia nyingi za Karura. Mwenye kilo 70 anaweza kuanza na psi 30 hivi. Ukipata pancha yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, ujue rimu imeibana tyubu: ongeza hewa kidogo.

Dhana: gia nyingi ndizo zinazopandisha mlima

Kinachopandisha ni ile gia nyepesi kuliko zote. Chukua baiskeli ya gia 21 ambayo gia ndogo ya mbele ina meno 24 na gia kubwa ya nyuma ina meno 28: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 0.86. Sasa chukua ya gia 10 tu, mbele meno 32, nyuma 42: gurudumu linazunguka mara 0.76. Ya gia 10 ni nyepesi zaidi mlimani, na ina vitu vichache vya kuharibika. Hesabu meno, achana na stika ya fremu.

Dhana: breki za diski lazima

Diski nzuri zinasaidia sana kwenye matope. Diski dhaifu ya waya, hata hivyo, inashindwa na breki za mpira zilizorekebishwa vizuri, ambazo fundi yeyote wa kando ya barabara ana vipuri vyake.

Dhana: mtumba ni takataka za watu

Hapa sikubali kabisa. Kwa pesa ileile, mtumba wenye fremu nzuri mara nyingi unaishinda mpya inayong'aa, mradi uikague mwenyewe bila haraka.

Anza na cheni. Pini zake zimeachana nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili. Weka rula kwenye pini moja. Ikiwa ile ya mwisho imepita inchi 12 kwa 1/16, cheni imekwisha. Ikipita kwa 1/8, huenda meno ya nyuma nayo yameliwa, na hiyo ni gharama nyingine ya kuondoa kwenye bei. Kisha shika tairi ulisukume kushoto na kulia: likicheza, gololi za habu zimelegea au zimekwisha. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, usikie kama shingo, pale usukani unapoingia kwenye fremu, inagonga. Mwisho pitisha kidole palipochomelewa nyuma ya shingo. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba hapo inatosha kukufanya uondoke, hata kama bei ni ya kutupwa.

Dhana: chukua kubwa, utaizoea

Fremu kubwa haizoeleki. Simama katikati yake, nyayo zote chini: kati ya bomba la juu na pale mapaja yako yanapokutana pabaki sentimita chache za nafasi. Kama huna uhakika na kipimo chako, Karura kuna baiskeli za kukodi. Endesha kwanza, uone ni ipi inayokukaa.

Usimalize pesa zote kwenye baiskeli. Ukiwa na shilingi 20,000, tafuta ya 15,000, zinazobaki ziende kwa helmeti, pampu, tyubu ya akiba na fundi wa kuifungua na kuipaka grisi. Na kabla hujalipa, ipindue uone namba iliyogongwa chini ya fremu, pale pedali zinapoungana. Ikiwa imesuguliwa kwa tupa, mrudishie muuzaji baiskeli yake. Ikiwa ipo, iandikwe kwenye risiti pamoja na jina lako.