Pumu ya Mzio: Ujumbe Unaopita Kifuani Kabla Pumzi Haijabana

Nikikung'uta shuka tu, kifua kinaanza kulia. Vumbi linafanya nini humo ndani?

Vumbi la kitandani lina kinyesi cha utitiri, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Kinyesi hicho kina vimeng'enya vinavyochubua utando wa njia za hewa. Seli zilizochubuliwa hupiga mbiu: humwaga saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli hutumiana kupashana habari. Mbili za mwanzo ni TSLP na intaleukini 33. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini kwa mwenye mzio hulia hata adui asipokuwepo. Kinachoipiga mbiu hapa si kijidudu cha kumwambukiza.

Nani anaipokea mbiu hiyo?

Miongoni mwa wapokeaji ni seli T saidizi za aina ya pili, chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili. Nazo hutoa amri zao. Intaleukini 4 huziagiza seli B, chembe zinazotengeneza kingamwili, zitoe kingamwili ya IgE. Intaleukini 5 huziita eosinofili, chembe nyeupe za damu zinazotoka kwenye uboho na kuja kuujeruhi utando. Intaleukini 13 hunenepesha makohozi na kuifanya misuli ya njia za hewa iwe myepesi kukaza; kwangu mimi, hii ndiyo inayomtesa mgonjwa zaidi.

IgE hujibandika juu ya seli ziitwazo masti na kusubiri. Siku vumbi lile lile likirudi, IgE hulinasa, na ndani ya dakika chache masti humwaga histamini na lukotrini, kemikali zinazobana njia za hewa. Hapo ndipo pumzi inapobana.

Mbona nikivuta salbutamoli napona, halafu usiku inarudi?

Kwa sababu salbutamoli, dawa ya inhela ya kufungua kifua haraka, hulegeza misuli tu; ujumbe haiugusi. Takriban saa 4 hadi 8 tangu uvute vumbi, eosinofili zilizoitwa huwa zimewasili, na wimbi la pili huanza. Mtu aliyekung'uta shuka alasiri anaweza kuamka usiku akihema, akadhani ni baridi.

Basi vidonge vya mzio havitoshi?

Havitoshi. Vinazuia histamini, na lukotrini hubana njia za hewa kwa nguvu kuliko histamini.

Kwa nini naambiwa nivute steroidi hata nikiwa mzima?

Steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, huingia hadi kwenye kiini cha seli na kupunguza kazi ya jeni zinazotengeneza saitokini. Kazi hiyo ni ya siku na wiki, si ya dakika. Ukiiacha kwa kuwa unajisikia vizuri, mbiu huanza upya. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hupenda inhela inayowafungua papo hapo na kuiweka kando inayowalinda. Mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA uliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Sukutua kinywa kila umalizapo kuivuta, usipate utando mweupe wa fangasi.

Na zile sindano mpya?

Kila moja hukamata mjumbe wake. Omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, hukamata IgE. Mepolizumabu (2015) hukamata intaleukini 5. Dupilumabu, iliyoruhusiwa kwa pumu mwaka 2018, huzuia intaleukini 4 na 13 kwa pamoja. Tezepelumabu (2021) huwahi mapema zaidi, kwenye TSLP. Ni za pumu kali isiyotulizwa na inhela.

Majaribio ya kwanza ya mepolizumabu kwa wagonjwa wa pumu yalivunja moyo, kwani ilipewa wagonjwa bila kuwachagua. Ilipopewa wenye eosinofili nyingi, mashambulizi yalipungua. Ndiyo maana daktari hupima damu kwanza.

Nitajuaje kama ujumbe bado unapita wakati sina dalili kubwa?

Jiulize: je, naamka usiku kwa kikohozi? Je, nahitaji salbutamoli zaidi ya mara 2 kwa wiki? Pia kuna kipimo cha kupuliza kinachopima nitriki oksidi kwenye pumzi, gesi inayoongezeka intaleukini 13 ikiwa kazini. Lakini ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikigeuka rangi, au inhela isipokusaidia, usipime chochote: nenda hospitali mara moja, ukiendelea kuvuta salbutamoli njiani.