Usted si shikamoo

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi anayejiandaa kwenda Madrid: "Mwalimu, si nikimwita kila mtu usted nitakuwa salama?" Hapana. (Usted ni "wewe" ya heshima katika Kihispania; tú ni "wewe" ya kuzoeana.) Nimechoka kulisikia hili, na wanaolifundisha wanawaponza watu.

Asili yake mnaijua: vuestra merced ("hisani yako"), na kitenzi kinakwenda nafsi ya tatu, kama kwa "yeye". Hiyo ni heshima, sawa. Lakini heshima hiyo imejengwa juu ya umbali, na umbali unaweza kuuma kuliko tusi. Mama amemwita mwanawe tú tangu asubuhi. Anakuta glasi imevunjwa, anasimama mlangoni: "¡Venga usted aquí!" (njoo hapa, kwa usted). Sauti haijapanda, tusi hakuna, na mtoto anajua kimenuka. Marafiki wakigombana, mmoja akahamia usted, ni kama amesema: kuanzia leo mimi na wewe hatujuani. Kinachochoma ni kule kuhama. Ndiyo maana Bogotá, Kolombia, ambako wengi huitana usted hata na marafiki na ndugu wa tumbo moja, neno hilohilo halimkwazi mtu.

Kwa upande mwingine, msiseme Mhispania hana adabu eti kwa sababu anaagiza "Ponme un café" (nipe kahawa) bila por favor (tafadhali). Katika baa moja ya Madrid nilimsikia mzee akiagiza hivyo. Mhudumu akaitikia "Ahora mismo" (sasa hivi), na kikombe kikatua kaunta. Hakuna aliyenuna. Sisi "nipe kahawa" tunaiona kavu, tunapenda "naomba", kisha tunawapimia wenzetu kwa kipimo hicho. Meksiko ni habari nyingine: mtoto akiitwa na mkubwa akajibu "¿Qué?" (nini?), wazazi wengi humrekebisha aseme "¿Mande?" (niamuru).

Matusi siyagusi, hayo mtayaokota wenyewe mitaani. Tegeni sikio kwa "ese" inapokaa nyuma ya jina. "Ese hombre" ni mtu huyo tu. "El hombre ese" mara nyingi ameshashushwa, amekaribia "lijitu hilo" letu.

Na kuna mahali bado nasita, miaka yote hii. Nikikutana na mama wa makamo huko Hispania, nimwite tú ataona nimemzoea haraka. Nimwite usted, wapo wanaoona nimewaambia wamezeeka. Husalimia kwa "buenos días" (habari za asubuhi) peke yake, nikasubiri yeye achague.