Mafunzo ya uongozi kwa wanawake wafanyakazi: yanayosemwa Dodoma na yaliyomo kwenye sheria

Tangu Serikali ihamie Dodoma, hoteli, nyumba za wageni na baa zimeongezeka mjini. Humo ndani, anayetandika vitanda, anayepika na anayehudumia meza mara nyingi ni mwanamke. Chama cha wafanyakazi kikiwaita wanawake hao kwenye mafunzo ya uongozi, maneno huanza, na mengine hutoka kwa viongozi wa matawi wenyewe.

"Wanaenda kufundishwa kuhutubia"

Hii ndiyo dhana inayopotosha kuliko zote. Mwanamke aliyewahi kuendesha kikoba, akatunza daftari la hisa na kumfuata mkopaji sugu hadi mlangoni kwake, hana shida ya ujasiri. Anachohitaji ni taratibu za kazi, na hizo hazipatikani kwa kupaza sauti.

Mafunzo ya maana huanzia kwenye karatasi. Mkataba unasemaje? Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zikizidi, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, kwa kila saa ya usiku. Ni wahudumu wangapi wa zamu ya usiku wamewahi kuiona nyongeza hiyo kwenye malipo yao?

Kuna pia suala la tarehe. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufungua mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Mhudumu akiambiwa "kapumzike, tutakupigia", naye akasubiri simu miezi miwili, atalazimika kwanza kuiomba Tume ikubali kuchelewa kwake. Mwakilishi wa chama kazini, kama amefundwa, angemuuliza siku ileile: umepewa barua? Nani alikuwepo? Andika sasa, usije ukasahau. Uongozi ninaouzungumzia ni huo, na hauhitaji kipaza sauti.

"Mwajiri akikuruhusu kwenda semina, amekufadhili"

Hajakufadhili. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mwakilishi wa chama likizo yenye malipo, kwa kiasi kinachofaa, ahudhurie mafunzo yanayohusu majukumu yake. Ila haki hiyo ni ya mwakilishi, si ya kila mwanachama. Mwanachama wa kawaida atakuja kwa muda wake mwenyewe. Kwa hiyo anayepanga semina ya wahudumu Jumamosi jioni, wakati baa zinajaa, asilalamike kwamba wanawake hawana mwamko.

"Wanawake wanapewa nafasi za bure"

Kifungu cha 62 cha sheria hiyohiyo kinasema mahali pa kazi penye wanachama zaidi ya 100 panakuwa na wawakilishi 15, na wasiopungua watano kati yao wawakilishe wafanyakazi wanawake. Hoteli za ukubwa huo Dodoma si nyingi. Hoteli yenye wanachama 12 ina wawakilishi watatu tu, na hapo sheria haimtengei mwanamke chochote. Atagombea, atapigiwa kura kama wengine. Mimi ningesema tatizo liko upande wa pili: wengi huchaguliwa kuwa makatibu wa kuandika tu, na siku ya kwenda kukaa na mwajiri kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kwa ajili ya wafanyakazi wote, wanaobeba mafaili ni wanaume.

"Wakishajipanga, watagoma"

Mgomo halali hauji ghafla hivyo. Mgogoro hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi, siku 30 zipite bila muafaka, wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Anayeijua njia hiyo ndefu huwa mgumu kuburutwa na hasira za siku moja.

"Hayo ni ya walioajiriwa, sisi vibarua tu"

Hili ndilo huwakosesha wengi. Bunge likiwa na vikao, hoteli za mjini huongeza watu. Vikao vikiisha, wanaambiwa wasije. Hawana karatasi yoyote, kwa hiyo hujiona hawamo kwenye sheria. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ina vigezo kadhaa, na kimoja kikitimia mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kimojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anayefua mashuka saa nane kwa siku huimaliza hesabu hiyo ya mwezi ndani ya wiki moja.

Ni kweli ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumfikii ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, na mwalimu wa semina akilificha hilo atawaponza watu. Kujiunga na chama, hata hivyo, hakusubiri miezi sita. Wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa majumbani wana CHODAWU, wa mashambani wana TPAWU. Wanachama wakifika kumi mahali pamoja pa kazi, chama kinaruhusiwa kufungua tawi hapohapo.